Roho Haipandi Boti la Kasi

Wazungu waliokuwa wakingoja chombo kwenye gati la Huay Xai, kaskazini mwa Laos, walidhani yule mama anakwenda kuvua. Wangejuaje? Mgongoni kabeba begi la kitalii la rangi ya chungwa, kubwa kuliko yeye, na mkononi kashika wavu mdogo wenye duara la mwanzi, ule wa kuzolea dagaa. Kijana mmoja akamwinulia kidole gumba. Mama Onsi akamtazama kama anavyomtazama kuku aliyeingia jikoni.

"Huyu anataka nini?" akamuuliza mkwewe, Khamtan.

"Anakutakia samaki wengi, Mama."

"Mwambie samaki ninayemtafuta nilimzaa mwenyewe."

Khamtan hakumwambia. Lile begi lilikuwa lake na mkewe, Malaithong. Kiangazi kilichopita walilibeba kwa zamu wakishuka Mto Mekong mji kwa mji kama hao wageni, bila biashara wala ndugu wa kumtembelea, kwa raha ya kutembea tu. Mama Onsi alikuwa amepinga tangu mwanzo. Kubeba mzigo bila soko la kuupeleka, alisema, hata farasi hakubali.

Walipofika Pakbeng, Malaithong aliteleza akishuka chomboni, akazama kati ya ubao wa kushukia na mawe. Walimvuta akiwa mzima, anacheka na kutema maji. Lakini tangu siku hiyo mwili ulianza kumwisha. Madaktari walisema ni ugonjwa wa damu, wakamrudisha nyumbani, na kila mtu akaelewa maana ya kurudishwa. Mama Onsi peke yake hakuelewa, au hakutaka. Alisema roho ya mwanawe ilishtuka ikabaki mtoni, na ni lazima ifuatwe kwa njia ile ile, izolewe kwa wavu, irudishwe kwa mwenyewe angali anapumua.

"Na wewe ndiye utakayenionyesha njia," alimwambia Khamtan, "kwa sababu wewe ndiye uliyempitisha."

Khamtan alitamani kubaki ameshika mkono wa mkewe. Malaithong mwenyewe ndiye aliyemfukuza. "Nenda naye," alisema, kwa sauti ambayo ilibidi Khamtan aiinamie ndipo aisikie. "Usimwache Mama peke yake na ule mto."

Basi pale Huay Xai, safari ile ilikoanzia, Mama Onsi alishuka majini, akatumbukiza wavu na kuita. "Malaithong, mama, njoo. Usilale porini, usilale majini. Wali umeiva nyumbani." Akaufunika wavu kwa mtandio. Khamtan alisubiri amalize, kisha akamwomba wapande boti la kasi, wapite miji yote leo leo, jioni wawe nyumbani, kule mto unakoteremkia.

"Boti lile linaruka kama panzi," alijibu Mama Onsi. "Roho haipandi boti la kasi, itadondoka. Kawia ufike."

Wakapanda chombo cha polepole pamoja na wale wageni na mabegi yao. Kiliposimama Pak Tha, Mama Onsi alishuka akaita. Jioni wakafika Pakbeng, na Khamtan akamwonyesha mawe alipozama mkewe. Mama Onsi alisimama maji yakiwa magotini, akizoa na kuita hata sauti ikamkauka. Mwishowe aliinua wavu akaukumbatia.

"Yumo," alisema. "Hebu sikia uzito."

Khamtan aligusa. Alisikia nyuzi zilizolowa, basi. Lakini alisema ndiyo, ni mzito.

Asubuhi, Mama Onsi akiwa anaweka tonge la wali wa kunata na yai la kuchemsha ndani ya wavu ili roho isisikie njaa njiani, simu ya Khamtan ililia. Alikuwa Bounlap, shemeji yake.

"Shemeji," alisema Bounlap, akashindwa. Kisha: "Alfajiri hii. Alikuwa anauliza mmefika wapi."

Khamtan aliketi kwenye ngazi za gati. Alimchukia yule mama kwa moyo wake wote, yeye na wavu wake. Wangepanda lile boti, jana usiku angekuwa kitandani kwa mkewe. Aliinuka akaenda kumwambia, tena kwa ukali. Akamkuta ameketi chomboni, wavu mapajani, akiutilia kivuli kwa kiganja. Akaketi kando yake.

Siku nzima mto uliwabeba na yeye hakusema. Mama Onsi alikuwa na furaha, na hiyo ndiyo iliyomuua Khamtan. Alimmegea wali.

"Kula, mwanangu." Alikuwa hajawahi kumwita hivyo, siku zote ilikuwa mkwe, au wewe. "Mzururaji wewe, lakini ulimpenda mtoto wangu. Hilo nalijua. Akiamka atataka supu ya machipukizi ya mianzi?"

"Atataka, Mama."

"Na usisahau, tukifika lazima mtu aliye ndani ya nyumba atuulize kama roho imekuja. Asipouliza, haipandi ngazi."

Khamtan alitafuna lile tonge, akageuza uso kuuangalia mto.

Walipoingia kijijini jua likielekea kutua, waliona turubai uani na wanaume wakiranda mbao. Majirani wakawapisha. Mama Onsi alisimama chini ya ngazi za nyumba yake, wavu mikononi.

"Ulijua," alisema bila kugeuka.

"Tangu asubuhi. Nisamehe, Mama."

Aliukaza wavu kifuani.

"Ungeniambia kule ningeuachia wavu," alisema. "Ningeuachia mtoni, naye angebaki kule peke yake."

Wakangoja. Nani angeuliza, mbele ya maiti? Bounlap aliyekuwa mlangoni aliinamisha kichwa. Wazee wakaangalia vidole vyao vya miguu. Mama Onsi naye hakupanda. Angesimama pale mpaka kesho.

Khamtan alivua viatu akampita, akapanda ngazi, akaingia ndani alikolala mkewe amefunikwa shuka nyeupe. Hakufunua. Alirudi mlangoni akasimama upande wa ndani, akamtazama yule mama kule chini.

"Roho imekuja?" aliuliza.

Mama Onsi aliinua wavu kwa mikono miwili.

"Imekuja," alisema. "Imekawia, lakini imekuja. Nipishe nimpe mwenyewe."