Manyoya ya Nahodha

Annastella alipoolewa na Mugisha alihamia kwake Nyanga, pembezoni mwa mji wa Bukoba, na masanduku mawili, cherehani na mbwa. Masanduku na cherehani vilipata mahali pake siku hiyo hiyo. Mbwa ndiye aliyeleta shida.

Aliitwa Nahodha. Alikuwa mbwa mkubwa wa kizungu mwenye manyoya mazito, yenye rangi ya jani la mgomba lililokauka, marefu zaidi shingoni na mapajani. Alikuwa mbwa wa Elikana Shilogile, mume wa kwanza wa Annastella, Msukuma aliyekuwa akinunua samaki katika visiwa vya Muleba na kuwauza Mwanza. Elikana alifariki kwa malaria. Annastella akakaa na mbwa kisiwani kwa muda, kisha akahamia Bukoba mjini kushona nguo, na huko ndiko alikokutana na Mugisha, mgane mwenye kibanja cha migomba na kahawa.

Mugisha hakuwa mtu wa maneno mengi, na alimpenda mkewe kwa namna ya watu wasio na maneno mengi: alimchagulia ndizi nzuri, akamjengea kibaraza cha kushonea mahali penye mwanga. Mwanzoni alijaribu kumzoea mbwa pia. Alimwita, mbwa akamtazama tu. Alimfukuza mlangoni, mbwa akasogea hatua mbili akalala tena.

"Hajui Kihaya," Annastella alimwambia akicheka. "Kiswahili chenyewe anaelewa kidogo. Amezoea Kisukuma."

Naye akamwambia mbwa maneno mawili ya Kisukuma, na mbwa akainuka mara moja akaenda kulala nyuma ya jiko.

Mugisha alicheka pia, lakini kicheko hakikushuka moyoni. Kila jioni mkewe alikaa kibarazani, mbwa mbele yake, akimchana kwa chanuo la chuma na kumsemesha kwa lugha hiyo. Mugisha hakuwa akijua hata neno moja. Mara nyingi alikuwa akianua kahawa iliyoanikwa uani, akasikia sauti ya mkewe ikishuka, ikawa laini, sauti ambayo yeye hakuwa amewahi kuisikia ikisemwa kwake. Alianza kujiuliza kama ndivyo mkewe alivyokuwa akizungumza na Elikana. Akajiuliza hivyo leo na kesho, mpaka ikawa kila akimwona mbwa anaona mwanamume amelala mlangoni mwa chumba chake.

Mwezi wa saba mvua ilikatika kabisa na jua likawa kali. Nahodha alishinda akihema, ulimi nje, akihama kivuli baada ya kivuli. Jirani yao Datius alipita akasimama kumtazama, kisha akamwita Mugisha kwa heshima ya Kihaya.

"Ta Mugisha, huyu mtamuua. Wewe ungeweza kuvaa koti la manyoya saa saba mchana? Mnyoeni."

Neno hilo lilimwingia Mugisha kama maji ya baridi kwa mwenye kiu. Usiku huo wakati wa kula alimwambia mkewe kwamba mbwa anateseka, na kwamba huruma tu ingetosha kumfanya mtu amnyoe.

"Hapana," Annastella alisema. "Hanyolewi. Elikana alikuwa akisema mbwa wa namna hii ukimnyoa unamharibu. Maji, kivuli na kumchana, basi."

"Elikana alikuwa daktari?"

Annastella aliweka kijiko chini. "Hakuwa daktari. Alikuwa anamfahamu mbwa wake."

Akainuka, akaondoa vyombo.

Kesho yake Mugisha alipanda bodaboda mpaka Kashai, kwenye duka la dawa za mifugo la daktari mmoja aliyeitwa Joviana. Alitaka arudi na neno la mtaalamu, alitupe mezani, na mara hii moja Elikana aonekane hakujua kitu. Alimweleza daktari kila jambo isipokuwa hilo.

"Usimnyoe," Joviana alisema. "Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema. Manyoya yake yako ya aina mbili, mafupi laini chini na marefu juu, na hayo ya juu yanamkinga na jua kama paa la nyasi linavyoikinga nyumba. Mchaneni, yale ya chini yaliyokufa yatoke, upepo upite. Mpeni maji na kivuli. Ukimnyoa, jua litamchoma ngozi, na manyoya yanaweza yasirudi kama yalivyokuwa."

Mugisha alishukuru, akarudi nyumbani, na hakumwambia mkewe kwamba alikwenda. Njia nzima alikuwa amekasirika, na hakukuwa na mtu wa kumkasirikia ila mtu aliyelala kaburini.

Wiki iliyofuata ujumbe ulifika kutoka Muleba. Mama yake Elikana, Petronila, alikuwa amejaliwa kupata saruji, na familia ilikuwa inakutana kusakafia kaburi la mwanawe. Alimwomba Annastella afike.

"Utakwenda?" Mugisha aliuliza.

"Nitakwenda. Nitalala huko siku mbili, tatu. Ukipenda twende wote."

"Kahawa itabaki na nani?"

Annastella alimtazama kidogo, kisha akaenda kupanga nguo zake. Alivaa kitenge ambacho Mugisha hakuwa amewahi kukiona. Alipoondoka asubuhi, Nahodha alimsindikiza hadi barabarani, akalala pale pale kwenye kona, akielekea upande bodaboda ilikopotelea.

Mugisha alianika kahawa. Aliona kile kitenge katika kila safu aliyoitandaza. Alimwona mkewe amepiga magoti kando ya saruji mbichi, watu wakimwita mke wa Elikana, naye akiitika. Saa sita alikwenda kwa Datius kuazima mashine ya kunyolea na mkasi.

Alidhani itabidi amfunge mbwa kwa kamba. Alichukua kichwa cha sangara kilichobaki, akakaa chini ya mparachichi, akamwita. Nahodha alikuja taratibu kutoka barabarani. Alikula samaki, akamnusa Mugisha mikono, kisha akajilaza mbele yake, ubavu juu, kama anavyolala jioni akisubiri kuchanwa.

Ilikuwa mara ya kwanza. Mugisha alikaa na mkasi mkononi. Alijua kabisa, wakati huo, kwamba mbwa alikuwa amemkubali, na kwamba angeweza kuchukua chanuo badala ya mkasi, na hakuna mtu angejua alichokuwa amekusudia. Kisha akakumbuka kile kitenge.

Alinyoa mgongo, ubavu, shingo. Manyoya yalianguka kwa mafungu. Kadiri alivyonyoa ndivyo mbwa alivyopungua, mpaka chini ya manyoya yale akatokea mbwa mzee, mwembamba, mbavu zinahesabika, ngozi nyeupe yenye rangi ya waridi kama ya mtoto aliyezaliwa jana. Mugisha alikuwa amemwonea wivu mnyama mkubwa. Huyu hakuwa mkubwa.

Nahodha alisimama, akajitikisa, akashangaa wepesi wake. Halafu akarudi barabarani kumsubiri Annastella.

Alilala kwenye jua. Mugisha alimwita kwa Kiswahili, kwa Kihaya, akamwonyesha samaki. Hakuja. Alimbeba hadi kivulini, mbwa akanguruma kidogo, akatoka tena. Siku ya pili mgongo ulikuwa mwekundu. Siku ya tatu ulikuwa na malengelenge, na mbwa alilia kila nzi alipotua. Mugisha aliacha kahawa bila kuigeuza. Alichukua turubai lake la kuanikia, akakata fito nne, akamjengea mbwa kibanda pale pale kwenye kona ya barabara, watu wakipita na kuuliza kuna msiba gani. Akakaa ndani yake pamoja naye, akipunga nzi kwa jani la mgomba.

Ndivyo Annastella alivyowakuta. Bodaboda ilisimama, yeye akashuka, na kwanza hakumtambua mbwa. Nahodha alijikokota mpaka miguuni mwake. Hapo Annastella alipiga magoti na kufunika uso.

"Nani kamfanyia hivi?"

"Mimi."

"Kwa sababu ya joto?"

Mugisha angeweza kusema ndiyo. "Hapana," alisema. "Daktari alinikataza. Nilikwenda Kashai kumwuliza, akanikataza kama Elikana alivyokataza. Ndiyo maana nikamnyoa."

Mkono wa Annastella ulibaki hewani juu ya mgongo wa mbwa, asijue aushike wapi.

"Unataka niseme sikumpenda yule mtu," alisema mwishowe. "Sitasema, Mugisha. Nilimpenda. Picha ya Benigna, marehemu mkeo, ipo sebuleni, na kila Jumamosi ni mimi ninayeifuta vumbi. Umewahi kunisikia nikiuliza ulimpenda kiasi gani?"

"Hujauliza."

"Na si kwa kuwa siumii. Naumia. Lakini sijaenda kumkwaruza uso pichani."

Walimpeleka mbwa Kashai wote wawili. Joviana alimtambua Mugisha, akamtazama. Alitoa dawa ya kupaka na akaagiza mbwa akae ndani mpaka ngozi ipone. Basi Nahodha akawa analala sebuleni mchana kutwa, na Mugisha ndiye aliyempaka dawa, kwa sababu Annastella alisema, "Kazi hiyo ni yako," na kwa siku nyingi hakumwambia neno jingine zaidi ya yale ya lazima.

Ngozi ilipona. Manyoya yalirudi mvua za vuli zilipoanza, lakini hayakuwa yale. Yaliota magumu, mengine meusi, mgongoni pakabaki mabaka. Watu walipouliza, Annastella alijibu tu kwamba aliungua na jua. Hakusema zaidi, na Mugisha aliona aibu zaidi kwa kufichiwa kuliko ambayo angeona kwa kusemwa.

Jioni moja, mvua ikinyesha, wakimenya ndizi pamoja jikoni, Mugisha alimwuliza.

"Elikana alikuwa mtu wa namna gani?"

Kisu cha Annastella kilisimama. "Unauliza kwa sababu gani?"

"Nataka kujua. Wewe niambie."

Akaanza taratibu, akimchungulia. Alisema Elikana alikuwa mkarimu kupita kiasi, na alikuwa na hasira za haraka, na alikuwa akiimba vibaya. Alisema alishinda ziwani maisha yake yote na hakujua kuogelea, na siku moja aliteleza gatini, akapiga kelele kuomba msaada, watu wakamwambia asimame. Akasimama. Maji yalikuwa ya magoti.

Annastella alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mugisha naye akacheka, kweli kweli, kabla hajajizuia. Kisha ule uchungu ukarudi, kwa sababu mkewe hakuwa amewahi kucheka hivyo kwa lolote alilolifanya yeye. Aliumeza. Akachukua ndizi nyingine.

"Endelea," alisema. "Halafu ikawaje?"