Mtoto wa Mzee wa Kanisa

Mzee Eliezeri alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa na makali kuwili. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa milimani, juu ya Mbeya, na hakuna aliyewahi kumwona akimfumbia macho rafiki. Ndugu yake wa tumbo moja alipooa mke wa pili, Eliezeri ndiye aliyesimama barazani akataka atengwe. Akatengwa. Watani wake walisema siku ya mwisho Mungu atashuka akute kazi yote imeshafanywa.

Basi mtihani ukamfuata nyumbani kwake. Binti yake Atuganile, mtoto pekee aliyebaki kati ya wanne aliowazaa, alikwenda Iringa kumsaidia shangazi yake, akaishia Kilolo kwa bwana mmoja aliyekuwa na mke wake tayari. Habari zilipofika, Eliezeri hakungoja kuulizwa. Alilipeleka jina la bintiye barazani yeye mwenyewe, likaandikwa kwenye daftari la waliotengwa. Aliyetengwa haikaribii Meza ya Bwana. Na akifa kabla hajarudishwa, kengele haimlilii, na kaburi lake linachimbwa nje ya ua wa minyaa, kule wanakozikwa wasiobatizwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1956 Atuganile alirudi kwa lori, peke yake, mifupa mitupu, akikohoa. Bwana wa Kilolo alikuwa amemwacha. Mama yake, Tupokigwe, alimpokea akilia, akampikia uji, hakumuuliza kitu. Jumapili ya wiki ile ile binti akaomba kurudishwa kundini.

Mchungaji Mika, aliyekuwa kijana kwa Eliezeri lakini mwenye moyo mpole, akawaita wazee.

"Mtoto anaumwa," alisema. "Mimi naona tumrudishe Jumapili ijayo."

Wazee wakamtazama Eliezeri, maana mwenye mtoto ndiye yeye. Laiti angenyamaza! Kunyamaza tu kungetosha.

"Binti wa Damari alingoja mpaka Pasaka," Eliezeri akasema. "Na wale wawili wa mwaka juzi walingoja. Wangu ana pembe? Isije ikasemwa mtoto wa mzee wa kanisa karuka ua."

Nani angebishana na baba mzazi? Kila mmoja alidhani baba ndiye anayejua hali ya mwanawe. Kikao kikafungwa kwa sala.

Nyumbani, Atuganile alikuwa ameketi juani, kajifunika blanketi.

"Baba, wamesemaje?"

"Pasaka."

"Bado wiki ngapi?"

"Sita."

"Na Mungu naye anangoja Pasaka?"

"Utaratibu ni utaratibu, mwanangu."

Tupokigwe alimsema mumewe usiku na mchana, naye akamjibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini msimdhanie kuwa jiwe. Alimpenda yule binti mpaka binti akikohoa, baba alikuwa anashika kifua chake mwenyewe. Akipalilia kahawa alijiona siku ya Pasaka akimshika mkono, akimpeleka mbele, watu wote wakiona kwamba hakupendelewa na bado kasamehewa. Hiyo picha ilimpa raha sana. Ndiyo iliyomponza.

Atuganile alifariki siku kumi na moja kabla ya Pasaka, asubuhi, baba yake akiwa shambani.

"Alisema kitu?" Eliezeri aliuliza, jembe bado mkononi.

Tupokigwe hakumtazama. "Alisema nikwambie kwamba alijaribu kungoja."

Eliezeri aligeuka akatoka na jembe lile lile. Mchungaji Mika alipomtafuta alimkuta nje ya ua wa minyaa, amezama kwenye shimo hadi magotini, anachimba kaburi la mwanawe peke yake.

"Mzee wangu, acha," Mika akasema. "Tutamzika ndani. Nimeshaagiza kengele ipigwe."

"Na sheria?"

"Sheria tuliiweka sisi, ili kundi likae vizuri. Mungu hafungwi na daftari letu."

Maskini Mika, alidhani anampa faraja. Eliezeri aliweka jembe chini taratibu.

"Kama hafungwi, mbona uliniacha nimfunge?"

"Wewe ni baba yake. Nilidhani..."

Eliezeri alikaa kwenye udongo. Kama sheria ilikuwa ya Mungu, basi mwanawe amepotea. Kama ilikuwa ya watu, basi alimfungia mlango bure, na ndugu yake pia, na wengine ambao hata majina hakuyakumbuka tena. Siku ya kile kikao cha wazee aliapa moyoni kwamba Mungu ameketi kando yake. Sasa alimwita, akamwita tena, na kando yake hakukuwa na mtu ila Mika anayelia. Je, siku ile kulikuwa na yeyote?

Walimzika jioni, ndani ya ua, katika bafta nyeupe. Kengele ililia, kwaya ikaimba. Kisha Mchungaji Mika akamwomba mzee Eliezeri aongoze sala, kama alivyoiongoza kwenye makaburi yote ya usharika ule.

Alisogea, akavua kofia, akafumba macho. Jina la Mungu halikumjia. Watu wakangoja. Akapiga magoti ukingoni, akaanza kusema kwa Kinyakyusa, na ikachukua muda kabla watu hawajaelewa kwamba haombi. Alikuwa anasema na maiti, jambo ambalo Wakristo walikuwa wamekatazwa kabisa, na wanawake kadhaa pale walishakemewa kwa jambo hilo, mkemeaji akiwa yeye Eliezeri.

"Atuganile," alisema, "nilikwambia nalinda jina la Mungu. Nilikuwa nalinda langu. Wewe ulikuwa umeshasamehewa tangu siku uliyoshuka kwenye lori, na mimi nilijua. Nilijua, mwanangu."

Alibaki kichwa kimeinama shimoni, kama anayesubiri jibu. Mzee mmoja akakohoa ili amkumbushe kusema amina. Hakuisema. Tupokigwe alimwacha pale alipo, akachota udongo kwa viganja vyake, akaanza kumfukia mtoto wake.