Ndege ya Karatasi Jikoni

Shirika la ndege lilipofunga milango, marubani wake walitawanyika kila mmoja na njia yake. Mmoja alikwenda kuuza bima. Mwingine alifungua duka la kuku wa kukaanga, maana kwetu Korea mtu akipoteza kazi ni lazima kwanza auze kuku, ndipo watu waamini kweli kaipoteza. Kapteni Tak Jun-mo, mtu wa miaka hamsini na nne mwenye mistari minne ya dhahabu begani, alirudi kwenye fleti yake ya Gimpo na kubandika karatasi ukutani.

Karatasi yenyewe ilikuwa picha ya chumba cha marubani, saa zote na swichi zote kwa ukubwa wake halisi. Rubani anayejifunza ndege mpya huwa nayo. Anakaa mbele yake na kubonyeza picha kama mwendawazimu, mpaka vidole vijue njia vyenyewe. Jun-mo aliijua ndege yake kama kiganja chake, lakini rubani asiyeruka huota kutu, naye aliiogopa kutu hiyo kuliko njaa. Aliibandika jikoni kwa sababu chumbani mkewe alikataa.

"Sitaki kulala nikitazamwa na saa sabini," alisema Seon-ok. "Huku jikoni sawa. Ila ukimwaga supu kwenye injini, utafuta mwenyewe."

Seon-ok alikuwa na kiduka cha vitoweo pale sokoni: kabichi ya pilipili, dagaa wa kukaanga na sukari, mizizi ya yungiyungi. Kiduka hicho ndicho kilichowalisha sasa. Asubuhi Jun-mo alisambaza vifurushi kwa gari dogo la kukodi, jioni alikaa kwenye stuli na kuruka ukutani.

Kisha kampuni moja ya ndege ya Vietnam ikatangaza kwamba inatafuta makapteni. Mtihani ulifanyika Incheon, ndani ya ile mashine inayoiga ndege, inayotikisika na kuyumba mpaka mtu asahau kwamba hajaondoka ardhini. Jun-mo alikwenda na suti yake nzuri. Alirudi ameishika tai mkononi.

"Nimefeli," alisema.

Seon-ok alikuwa anapaka kabichi pilipili, glavu nyekundu hadi viwikoni. "Wewe? Kutua kumekushinda?"

"Hatukufika huko. Injini moja ilizimika, nikageuza kurudi uwanjani. Kumbe uwanja umeshafungwa kwa ukungu. Kijana waliyemweka pembeni yangu alikuwa na taarifa mkononi. Sikumwuliza."

"Naye akakaa kimya?"

"Alianza kusema. Nikamwambia asubiri." Alivuta stuli akakaa. "Msimamizi ameniambia, 'Mikono yako sina neno nayo, Kapteni. Lakini mle ndani ulikuwa peke yako.'"

Badala ya kumpa pole, Seon-ok alicheka. Alicheka mpaka ikabidi aegemee sinki, glavu zikidondosha pilipili sakafuni.

"Miaka yote hii nilidhani ni mimi tu unayenifanyia hivyo! Kumbe ni ugonjwa, na leo umepimwa. Baba Ga-eul, hii fleti ulinunua ukiwa Bangkok, ukanipigia simu unaniambia nifungashe vyombo. Gari ukaleta la rangi ya uji. Hata mtoto jina ulimpa ukiwa angani!"

"Ga-eul ni jina zuri."

"Ni zuri. Mimi nilikuwa na langu."

Jina gani? Jun-mo hakuuliza. Alikumbuka kutouliza huko baadaye sana, wakati ambapo swali lenyewe lingeonekana la ajabu.

Kampuni iliruhusu kurudia mtihani mara moja tu, baada ya miezi kadhaa. Basi kesho yake Seon-ok akaleta stuli ya pili, akaiweka upande wa kulia mbele ya ukuta, mahali pa rubani msaidizi, akakaa na mwiko mkononi.

"Haya, turuke. Nisomee ninachopaswa kusema."

Jun-mo alidhani anatania. Lakini mwanamke yule, aliyekariri bei za soko zima, alizikariri orodha za ukaguzi katika wiki chache. Alizisoma kwa sauti ileile ya kuitia wateja.

"Magurudumu?"

"Yako chini, taa tatu za kijani."

"Vibawa?"

"Vimefunguka vyote."

"Gesi ya jiko?"

"Hiyo haimo kwenye orodha, Mama Ga-eul."

"Kwenye ndege yangu imo. Gesi ya jiko?"

"Imezimwa," alijibu, na tangu siku hiyo hakuna safari iliyokwisha pale jikoni bila gesi kuulizwa.

Matatizo aliyatunga Seon-ok. "Injini ya kushoto inawaka moto!"

"Narudi uwanjani."

Mwiko ulilia kwenye stuli: pa! "Unarudi na nani? Basi mimi nashukia hapahapa. Tena upya."

"Moto injini ya kushoto. Nafikiria kurudi. Wewe unaonaje?"

"Naona ukungu umefunga uwanja. Twende uwanja wa Cheongju."

"Twende Cheongju."

"Umeona? Umekufa kwa kuuliza?"

Ilimchukua muda mrefu, maana mazoea yana taabu na Jun-mo alikuwa ameamua peke yake miaka thelathini. Lakini mwiko ni mwalimu mkali. Ilifika mahali akawa anauliza bila kufikiri, hata wakila. Nitie chumvi zaidi? Wewe unaonaje?

Ndipo akaanza kuyajua mambo ya nyumba yake. Alijua kwamba mkewe hapendi dagaa anaowauza. Alijua kwamba kwa miaka yote ile ya safari zake, Seon-ok aliwasha redio akiwa peke yake nyumbani, si kwa kusikiliza ila ili nyumba isiwe bubu. Sasa redio ilikaa juu ya friji, waya umeviringishwa. Siku moja Jun-mo aliipangusa vumbi na moyo wake ukafurahi, akaona aibu kwa kufurahi, kwa kuwa mtu asiye na kazi hapaswi kuwa na raha. Lazima niseme ukweli hapa, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuusema: hajapata kuwa na raha kama ile, si kabla wala baada.

Wiki moja kabla ya mtihani wa pili, Noh Sang-cheol alimpigia simu. Huyu alikuwa rubani msaidizi wake wa zamani, na sasa alifundisha kwenye chuo cha urubani kule Taean, mwendo wa saa mbili kwa gari.

"Kaka, kuna nafasi huku. Moja tu. Mshahara wa kuchekesha, na ndege zenyewe ni kama pikipiki zilizoota mabawa. Lakini unaruka, na kila Ijumaa jioni unakula kwako. Wanataka jibu kufikia Jumatatu."

"Nitafikiria."

"Zungumza na shemeji."

"Nitazungumza naye."

Hakuzungumza naye. Alikwenda jikoni na nia hiyo kabisa, akamkuta Seon-ok ameshakaa kwenye kiti chake, mwiko mapajani. "Leo nakupa radi," alisema, uso umemchangamka. Jun-mo akakaa kushoto. Alifikiri juu ya vijana wa Taean wakiparua lami kwa kujifunza kutua, akafikiri juu ya ndege kubwa na abiria mia na themanini nyuma yake na kofia yake kichwani. Alijua jibu analolitaka. Na aliogopa kwamba akiuliza, huenda akajibiwa lingine. Alijiambia anampunguzia mkewe mawazo. Jumatatu alimtumia Noh ujumbe wa kukataa, akiwa ndani ya gari la vifurushi.

Mtihani wa pili aliufaulu. Mashine ilipoyumba na taa nyekundu kuwaka, alimgeukia mtu baki kwenye kiti cha kulia na kumwambia, "Nafikiria kurudi. Wewe unaonaje?" Walipomaliza orodha ya mwisho alikaa akisubiri, mpaka msimamizi akamwuliza anasubiri nini. Alikuwa anasubiri gesi. Msimamizi alimpa mkono. "Kapteni, sijui umefunzwa na nani, lakini mtu huyo mshukuru."

Alimshukuru kwa nyama ya ng'ombe ya bei mbaya. Seon-ok alikula, akapiga makofi, akauliza mkataba ni wa muda gani.

"Miaka mitatu."

"Miaka mitatu," alisema Seon-ok. Akamwekea kipande kingine cha nyama kwenye wali.

Siku ya kuagana walimwalika Noh. Alikuja na mapeasi na chupa mbili za pombe ya soju, na chupa ya kwanza ilipokwisha ulimi wake ukalegea.

"Shemeji, huyu mume wako ana roho ngumu! Taean nilimbembeleza, akanikataa kwa mstari mmoja. Wakampa mtu wa Daegu. Jamaa kila Ijumaa anakwenda kwake anaimba."

Seon-ok alikuwa ameshika bakuli la supu. Aliliweka mezani taratibu, akasukuma kijiko upande wa mgeni. "Kula, shemeji, itapoa." Noh alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaanza kusifia supu kupita kiasi. Hakukaa sana.

Walipobaki wawili, Jun-mo alichukua kitambaa akafuta vyombo alivyokuwa anaviosha mkewe.

"Lini?" aliuliza Seon-ok.

"Kabla ya mtihani."

"Wakati ule wa radi?"

"Ee."

"Nilikuwa nimekaa pale." Alielekeza stuli kwa kidole chenye povu. "Nimekaa pale kila siku, Baba Ga-eul, nakuuliza mambo ya injini. Na wewe unaniuliza, unaonaje, unaonaje. Nikasema, mzee huyu amepona."

"Mama Ga-eul..."

"Usinijibu kama unaujibu mnara wa uwanja wa ndege."

Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika bure; Jun-mo akanyoosha mkono kuyafunga.

"Ungesema nini?" aliuliza.

Seon-ok alifikiri kweli kabla ya kujibu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Jun-mo. "Sijui. Nakujua ukiwa chini unavyonyauka. Pengine ningekuambia nenda, na ningekufungia begi kwa mikono yangu. Pengine ningekuambia, baki, nimechoka na redio. Sasa hatutajua. Hata mimi sitajua. Umeninyang'anya hata hilo."

Majuto ni mjukuu, watu husema, huja kinyume. Ya Jun-mo hayakungoja kuwa mjukuu. Yalikuja palepale, kitambaa bado kimo mkononi, mkataba umeshatiwa saini na nafasi ya Taean imekaliwa na mtu wa Daegu. Aliomba msamaha. Seon-ok alisema amesamehe, na alikuwa mkweli. Asubuhi alimfungia dagaa kwenye mkebe, ingawa yeye mwenyewe hawapendi.

Kule Da Nang, Vietnam, alipewa rubani msaidizi kijana, Quách Thiện, mchangamfu, mpenda kahawa nzito. Jioni moja wakirudi kutoka kusini waliona mawingu meusi yamesimama mbele yao.

"Nafikiria tuzunguke kwa upande wa bahari," alisema Jun-mo. "Wewe unaonaje?"

Thiện aligeuka kumtazama. "Kapteni, wewe ni wa kwanza kuniuliza na kungoja jibu. Nani alikufunza?"

"Mke wangu."

"Ooh! Na yeye ni rubani?"

"Alikuwa rubani msaidizi wangu," alisema Jun-mo, akashika usukani. "Nijibu. Bahari au bara?"

"Bahari."

Walizunguka kwa upande wa bahari, wakatua salama, abiria wakapiga makofi. Jun-mo alifika chumbani kwake akavua kofia, akampigia simu mkewe. Seon-ok alipokea, na kabla hajasema neno, Jun-mo aliisikia nyuma yake: mwanamume anasoma habari za hali ya hewa, kisha tangazo la tambi.

"Umewasha redio," alisema.

"Ee. Umekula?"

"Nimekula. Mama Ga-eul, nataka kukuuliza kitu." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Nimefikiria nivunje mkataba. Nirudi, niendelee na vifurushi mpaka Taean wafungue tena. Wewe unaonaje?"

Tangazo la tambi lilikwisha, ukaanza wimbo. Alingoja. Safari hii aliweza kungoja, hata wimbo wote uishe.

"Karatasi nimeibandua," alisema Seon-ok. "Ukuta ulikuwa umeanza kuota ukungu nyuma yake. Na stuli moja nimepeleka dukani." Alivuta pumzi. "Gesi nimezima, Baba Ga-eul; safari yetu ya jikoni imekwisha. Lala, kesho una safari."