Kilti ya Marehemu Torquil

Beathag MacVarran alikuwa na mwana mmoja, mjukuu mmoja, na meno yake mwenyewe karibu yote, na kwa bibi wa miaka themanini na kitu hayo yalimtosha kabisa. Kilichomkosesha usingizi kiangazi kile ni kwamba yule mjukuu alikuwa anafunga mizigo.

Mjukuu mwenyewe ni Ailsa, na alikuwa amechumbiwa na Drew Imlach, muoka mikate wa Inverlarrig. Kijana mpole, mabega mapana, masikio mekundu kama amefinywa, na mkate wake ukiukata moto huwezi kungoja siagi. Kasoro yake ilikuwa moja, na aliyeiona ni mtu mmoja. Hana ukoo. Imlach ni jina la pwani ya mashariki, jina lenye watu wengi na wema, lakini halina chifu, halina bendera, wala halina miraba yake kwenye kitambaa. Na Murdo, baba yake Ailsa, mwana wa Beathag, ndiye aliyekuwa naibu wa chifu wa MacVarran katika bonde zima.

Chifu mwenyewe alikuwa New Zealand anafuga kondoo, anatuma kadi kila Krismasi. Kwa hiyo kazi ya kulinda heshima ya ukoo ilimwangukia Murdo, naye aliipenda kama mtoto anavyopenda filimbi. Mtalii akionekana mtaani na skafu yenye miraba ya MacVarran, nyekundu iliyoiva na kijani na uzi mmoja mweupe, Murdo alimsogelea kwa adabu na kumuuliza bibi mzaa baba yake alizaliwa kijiji gani. Wengine waliikunja skafu wakaitia mfukoni kabla hajamaliza swali.

Ndoa hakuikataza. Ailsa alikuwa mtu mzima, anatibu ng'ombe wa watu, hakatazwi. Murdo alisema tu kwamba siku ya harusi yeye atakuwa na shughuli nyingine, maana hawezi kusimama na bendera ya ukoo mbele ya bwana harusi aliyekodi nguo dukani. Ailsa, aliyerithi kidevu cha baba yake na ukaidi wote uliomo, akajibu kuwa sawa, wataoana Aberdeen na kukaa huko huko, kwani kuna kiwanda cha mikate kinamtaka Drew tangu zamani. Tokea hapo baba na binti wakawa wanaongea kwa kumpitia Beathag, nao wamekaa meza moja. "Bibi, mwambie baba asogeze chumvi." "Mama, mwambie binti yako chumvi iko karibu naye."

Beathag alisogeza chumvi na kuwaza. Akiondoka Ailsa, ataondoka na muoka mikate, na yeye atabaki kuzeeka na Murdo peke yake, akisikiliza habari za chifu wa kumi na moja kila jioni. Hilo hakulikubali.

Siku chache kabla ya michezo ya mwaka ya bonde, Murdo akiwa uwanjani anapima mahali pa kusimika bendera, Beathag alimwita Drew nyumbani. Akafungua sanduku, akaondoa vidonge vya kufukuza nondo, akatoa kilti ya marehemu mumewe, Torquil, ile sketi ya miraba ya MacVarran ambayo wanaume wa bonde huivaa siku za heshima. Sufu nzito, marinda yamelala kama kurasa za kitabu. Murdo aliwahi kuijaribu baada ya mazishi, na mikanda yake ya ngozi ikakataa kata kata kukutana na bizimu zake, kwa sababu katikati palikuwa na tumbo. Kwa Drew ilikaa kana kwamba alizaliwa ndani yake.

Drew alijitazama kwenye kioo, masikio yakazidi kuiva. Akasema, "Bibi, mimi si MacVarran. Mzee Murdo atanichinja."

Beathag akamweleza kuwa mkwe anayekuja mbele ya watu amevaa miraba ya ukweni anaonyesha heshima. Hayo ndiyo aliyomwambia. Aliyoyabakiza moyoni ni kwamba Murdo hajashtuka miaka mingi, na kushtuka kidogo husafisha damu.

"Haya, kitendawili," akasema, amepiga magoti anamnyooshea marinda.

"Tega."

"Nyumba yangu ina kuta pande zote, sakafu haina."

Drew alifikiri. Akasema hema. Akasema kengele. Akasema banda la kuku la shangazi yake, ambalo kweli halikuwa na sakafu.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua Aberdeen."

"Aberdeen siutaki hata kuusikia. Nipe mwingine."

"Haya, chukua Glasgow."

"Nilikwenda Glasgow, nikakaa, nikala, nikarudi nimechoka na mvua yao. Nyumba isiyo na sakafu ni hii uliyovaa, baba. Na mwanamume wa bonde hili akiivaa, haweki zulia."

Ilimchukua Drew muda kuelewa. Alipoelewa, akaomba maji ya kunywa.

Siku ya michezo ilikuja na manyunyu na visubi, kama kawaida yake. Vijana walirusha magogo, wasichana walicheza ngoma juu ya mbao zilizolowa, na Beathag alikaa kwenye kiti cha kukunja mlangoni pa hema la chai, blanketi magotini, mahali anapoona kila kitu. Hatua chache mbele yake ilisimama bendera ya MacVarran, na kando ya bendera alisimama Murdo, manyoya mawili ya tai kofiani, anawapanga watu wa ukoo kwa ajili ya gwaride.

Drew akatokea nyuma ya gari la mikate.

Ailsa, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alipaliwa na chai. Kisha akacheka, kisha akamwona baba yake, akaacha kucheka. Murdo alikuwa amekwisha kuona. Alimwendea Drew taratibu, akamzunguka mara moja kama mtu anayenunua farasi, akasimama mbele ya alama ndogo nyeusi pembeni mwa kitambaa, pale kiko cha Torquil kilipodondosha kaa la moto kwenye harusi ya mtu.

"Hii ni kilti ya baba yangu," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Nani kakupa?"

Drew alitazama viatu vyake. Hakumtazama Beathag hata kwa kupepesa. Bibi kule kwenye kiti akaona aibu kidogo, lakini si aibu ya kumfanya ainuke.

Murdo alipaza sauti, maana alishaona watu wanasogea, na yeye watu wakisogea hawezi kuacha kufundisha. Akasema miraba ya ukoo si pambo. Huivaa aliyezaliwa nayo, au aliyeamriwa kuivaa na chifu au naibu wake, mbele ya bendera, na watu wakasikia. Je, yeye Imlach amezaliwa nayo? Hakuzaliwa nayo. Je, kuna aliyemwamuru? Hakuna. Basi alichofanya ni kuvaa baba wa mtu mwingine.

"Sikukusudia kukukosea, mzee," Drew akasema. "Nilitaka uone kwamba nawaheshimu."

"Vua."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Mbele ya bendera uliyoidharau."

Drew alikuwa mtu wa kutii. Alilelewa na shangazi mkali, na mkubwa akisema vua, unavua. Akafungua kimkoba cha manyoya kinachoning'inia mbele, akakilaza kwenye nyasi vizuri. Akachomoa pini. Akashika bizimu ya kwanza kiunoni, akaifungua. Akashika ya pili, na ule mkanda wa ngozi, mkavu kwa miaka ya sandukuni, ukakatika ukabaki mkononi mwake. Akaomba radhi kwa hilo pia. Mkono ukaenda kwenye bizimu ya mwisho.

Kwenye hema la chai viti viligeuka. Bi Elspet, mke wa mchungaji, aliyekuwa anapita na sahani ya skonzi, alisimama palepale, na haikuonekana kama ana haraka ya kwenda popote. Mtu nyuma akaomba mrefu aliye mbele yake apungue.

Hapo ndipo Murdo aliposhikwa na wasiwasi. Alikuwa amechukulia kwamba vijana wa siku hizi huvaa kaptura ndani, kama wanavyofanya wote wanaokodi. Akainama karibu na sikio la Drew. Aliuliza kwa sauti ya chini, lakini mtu aliyezoea kuhutubia uwanja sauti yake ya chini haiko chini sana.

"Kijana. Ndani una kitu?"

"Hapana, mzee. Nimefuata desturi."

Bizimu ya mwisho ikalia.

"Acha," Murdo akasema, ameshika kilti kwa mikono miwili. "Funga. Ivae. Nakuamuru, ivae hiyo kilti sasa hivi."

Hata aliyekuwa anajiandaa kurusha gogo alilishusha. Murdo mwenyewe aligeuza shingo kuitazama bendera, kwa kuwa maneno yake yalikuwa yamemrudia masikioni, na alikuwa ameyatambua.

Beathag alikunja blanketi, akainuka. Alikwenda pole pole, fimbo mkononi, akasimama mbele ya mwanawe.

"Bendera iko wapi, Murdo?"

"Mama, tafadhali."

"Iko wapi?"

"Nyuma yangu."

"Na wewe leo umesimama hapa kama nani?"

Murdo akatazama juu, labda chifu angetokea mawinguni kutoka New Zealand. Hakutokea. "Naibu wake," akasema.

"Basi sote tumesikia."

Murdo alijitetea. Alisema ile ilikuwa dharura, na amri ya dharura si amri ya ukoo. Beathag akamuuliza desturi inasema wapi habari za dharura. Akamkumbusha hadithi anayowasimulia watalii kila mwaka, ya mchuuzi wa sindano aliyegonga mlango wa chifu wakati wa theluji, chifu akamtupia blanketi la miraba na kumwambia vaa hili ufunge mlango, baridi inaingia. Tangu siku ile mchuuzi akawa MacVarran, na ndiye aliyezaa nusu ya watu waliosimama pale, na kwa upande wa mama yake Torquil alimzaa Murdo pia.

Watu walikuwa wanamtazama Murdo kwa furaha isiyofichika. Miaka yote amewabana kwa desturi, nao walitaka kuona yeye akibanwa atafanyaje. Angeweza kukataa. Beathag alijua hivyo, na hapo ujanja wake wote ulikuwa umekwisha mfukoni. Mwana wake akisema hapana, jioni ile ile masanduku yatapakiwa.

Ailsa akaweka kikombe chini, akaja akasimama kando ya Drew, akamtazama baba yake usoni, bila kumpitia mtu yeyote.

"Baba," akasema.

Murdo akavua kofia, akafuta visubi usoni, akaivaa tena. Alichukua muda mrefu kuiweka sawa.

"Aliyeingia karibuni ndiye anayebeba bendera," akasema. "Ndiyo desturi. Shika, kijana. Mikono miwili, mti wake ni mzito."

Drew akashika mikono miwili. Ngoma zikalia, gwaride likaanza kuzunguka uwanja, na kilti ya Torquil, iliyobaki na mikanda miwili ya zamani na bizimu zilizofungwa kwa pupa, ikaanza kushuka. Kufika kona ya kwanza ilikuwa imeshuka kiasi cha Bi Elspet kutafuta miwani. Drew hakuweza kuiachia bendera. Murdo, aliyekuwa mbele kama inavyompasa naibu wa chifu, aligeuka, akaona, akatoka kwenye nafasi yake. Akaenda nyuma ya mkwewe, akaikamata kilti kiunoni kwa ngumi mbili, na wakaenda hivyo hivyo, mguu kwa mguu, kama watoto wanaocheza gari moshi.

Walipopita mbele ya hema la chai, Beathag, aliyekwisha kurudi kwenye kiti chake, alimsikia mwanawe akiongea na kisogo cha Drew.

"Aberdeen kuna upepo mbaya. Mtu hawezi kuishi kule."

"Tutakaa hapa, mzee. Ukitutaka."

"Tembea, kijana. Na usivute pumzi sana."

Bibi mmoja mtalii, amejifunga kamera shingoni, aliinama na kumuuliza Beathag kwa heshima kama hiyo nayo ni desturi, mzee wa ukoo kumshika mgeni kiuno namna ile.

"Ya zamani sana," Beathag akajibu, akanyoosha mkono kwenye sahani ya Bi Elspet, akajichagulia skonzi yenye zabibu nyingi.