Mkono wa Kushoto wa Gomesi

Mume wangu Wekoye alikuwa fundi wa nguo hapa Sirisia, na alikuwa na ugonjwa mmoja: kazi za watu alizimaliza, zangu hazikuisha. Mwaka ule alianza kunishonea gomesi ya satini ya kijani, ile nguo yetu ya heshima ambayo mabega yake yanasimama kama pembe za mbuzi. Akashona kiuno, akashona mkono wa kulia, ukasimama vizuri kabisa. Mkono wa kushoto ndio uliomshinda. Alikata kitambaa akiniangalia mimi badala ya kuangalia makasi, na kama husadiki kwamba wakati ule nilikuwa mtu wa kuangaliwa, uliza Sirisia nzima, wale ambao bado wana meno. Kitambaa kikapungua. Akasema Kampala kuna Mhindi anauza kijani kile kile, ataenda na kurudi kabla ya Jumapili. Akanywa chai, akaniachia ufunguo wa duka, akaenda.

Hiyo Jumapili bado haijafika.

Tulimtafuta. Watu walienda mpaka mpakani, wakaenda na Kampala kwenyewe, na Mhindi akasema fundi wa Sirisia hakufika kwake. Huyu akatuambia alimwona Jinja, yule akasema ni Mbale, na mmoja alimwona na mwanamke mnene. Huyo wa mwanamke mnene nilimpenda kuliko wote, kwa sababu mtu mwenye mwanamke mnene yuko hai. Miaka ikapita. Binti yetu Nasike akamaliza shule, akapata kazi ya serikali Kitale, akaniita nikae naye. Nikawa mtu wa nyumba mbili: Kitale kwa sababu ya taa za stima na binti, Sirisia kwa sababu mtu akirudi usiku lazima apate wa kumfungulia.

Sasa Wekoye ana ndugu mdogo, Sifuna. Sifuna alifanya kazi ya ofisi Nairobi maisha yake yote, akastaafu, akarudi nyumbani na tai zake tatu, akaanza kutengeneza mambo ya ukoo. La kwanza kutengeneza lilikuwa kaka yake. Ati boma lenye mtu aliyepotea halitulii. Ati lazima Wekoye azikwe.

Mtu asiyeonekana mwili wake, kwetu tunazika shina la mgomba mahali pake. Linafungwa blanketi, linaimbiwa, linalaliwa matanga kama mtu. Kwa mlango wetu wa ukoo lazima litoke kwenye kichaka cha migomba alichopanda mwenyewe, na liwe limefika kimo cha mtu mzima, maana huwezi kuzika baba wa watu kwa kamgomba ka magoti. Wekoye alipanda kichaka kimoja tu, nyuma ya jikoni.

Matanga sikuyaogopa. Mimi napenda matanga, watu wanakula na kusema uongo mzuri. Nililoogopa ni lile linalofuata. Kwetu, aliyezikwa kwa mgomba amefungiwa lango. Hata arudi kesho yake kwa miguu yake, akiita majina yetu, hafunguliwi, kwa sababu anayeita si mtu tena. Mimi ningekuwa ndani, nisikie sauti yake, nikae kimya. Hiyo sikuiweza.

Nikamwambia Sifuna hivyo. Akanijibu pole pole, kama anayesoma barua ya ofisi, kwamba mulamwa, yaani shemeji, mimi sijakataa asirudi, yeye ndiye amekataa. Kisha akaenda nyuma ya jikoni na kitambaa chekundu, akafunga kwenye mgomba mmoja mrefu, mnono, uliokuwa ndio kwanza umetoa ua.

"Huyu ndiye Wekoye," akasema. "Mtu asimguse."

Ulikuwa mwaka wa tohara. Agosti wavulana wa ukoo wangeingia kisu, na mambo ya kaburi hayachanganywi na mambo ya tohara, kwa hiyo wazee wakasema Desemba. Nilitazama lile ua la mgomba. Nikamtazama Sifuna na tai yake. Nikafunga mdomo.

Nikarudi Kitale, roho imenikauka. Nasike hakunisaidia. Aliniambia amechoka kuandika kwenye karatasi kwamba baba yake hajulikani aliko, afadhali aandike amekufa. Nilimwelewa. Ila kumwelewa mtu si kukubali.

Ndipo Nyambu, jirani yetu ambaye watu wake walitoka Nyeri zamani, akanivuta twende kwenye ukumbi wa kanisa. Kulikuwa na mwalimu mgeni wa kufuma mikoba. Nikaenda kwa sababu walisema kuna chai.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa Ufilipino, jina lake refu kama treni ya mizigo, Luzviminda, tukalikata likabaki Luzi. Watoto wa Kitale walimwita Mchina, yeye akawajibu vizuri tu kwamba Mchina ni jirani. Kiswahili alijifunza kwa kitabu, kwa hiyo kilikuwa sawasawa kuliko chetu. Sisi tukisema "kitu mingi", yeye anasema "vitu vingi", halafu anatuomba radhi. Kwao Manila alikuwa mbunifu wa mavazi na mapambo. Alivaa bangili ya kifuu cha nazi kilichosuguliwa mpaka kikang'aa kama meza ya askofu, na mkoba wake ulikuwa na vipande vya kombe za baharini, vyembamba, ukivishika mbele ya dirisha unaona mwanga.

Siku ya kwanza alitupitishia kitambaa kikavu, chepesi, kinachosimama chenyewe ukikikunja. Alisema kimefumwa kwa nyuzi za mmea wa kwao. Ukiuona utasema ni mgomba, lakini matunda yake hayaliwi.

"Kwa hiyo nyinyi mgomba mnauvaa," nikamwambia. "Na mnakula nini, suruali?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Akatuonyesha picha. Wanawake wa kwao zamani walivaa mikono iliyosimama juu ya bega kama mabawa ya kipepeo. Siku hizi mafundi vijana wanaitoa ile mikono kwenye magauni ya mabibi wazee, wanaiweka kwenye blauzi fupi ya kuvalia jinzi. Ukiwauliza, wanasema hawaigi bibi, wanamwendeleza. Nyambu akasema kumwendeleza bibi kwa jinzi ni kumuua mara ya pili. Mimi jinzi sikuiangalia. Nilikuwa nimeona yale mabega.

Luzi akatuambia kila mmoja alete nguo ya kwao anayoipenda. Wengine walileta leso, Nyambu akaleta kiondo, kile kikapu chao, akagomba kwamba kiondo nacho huvaliwa. Mimi nilileta gomesi ya mkono mmoja.

Luzi aliigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega, akauliza ni nani alishona. Nikamwambia. Akauliza wa kushoto uko wapi. Nikamwambia ameufuata.

Hakusema pole. Wengi husema pole haraka, kama wanaofukuza kuku. Aliniambia baba yake alikuwa baharia wa meli za mizigo. Mama yake aliweka sahani ya baba mezani kila jioni, hata ilipojulikana meli ilizama, na watoto waliogombana ndio waliopewa kazi ya kuiosha.

"Ilikuwa safi," akasema. "Lakini lazima ioshwe."

Halafu akaushika ule upande mtupu wa gomesi. "Huu tutaufuma."

Tulianza na mashina ya kuokota sokoni. Unachambua maganda ya shina moja moja, unalaza ganda juu ya ubao, unalikwangua kwa kisu butu mpaka maji na nyama vitoke, zinabaki nyuzi. Unaziosha, unazianika kivulini, unaziunga ncha kwa ncha kwa fundo dogo kama punje ya wimbi. Vidole vyangu vilivimba. Nasike akauliza kama nimeanza kupigana. Tukafuma kipande kwenye mtambo mdogo wa mbao, tukakishona kama bega, kikasimama, kisha mbele ya macho yetu kikalala kama mlevi. Luzi akasema mashina yale yalikuwa machanga. Tupate lililokomaa, lililokwisha kuzaa, nyuzi zake ndizo zenye mgongo.

Nilijua liko wapi. Lilikuwa nyuma ya jikoni kwangu, limefungwa kitambaa chekundu.

Usinifikirie vibaya. Mimi sikuiba maiti. Mtu yeyote aliyewahi kushika jembe anajua kwamba mgomba huzaa mara moja. Ukishatoa ua, umeshaanza safari. Mkungu ukikomaa unakatwa, na shina linakatwa pamoja nao, ama litaoza likisimama. Sifuna alichagua kwa unono, kama mtu anayenunua ng'ombe kwa picha. Mgomba wenye ua mwezi wa Aprili hauwezi kusubiri Krismasi, hata ukiufunga tai.

Niliteremka Sirisia mvua za Oktoba zikiisha. Ndizi zilikuwa zimejaa, mbili tatu zimeshapigwa na ndege. Nikasimama hapo na panga muda mrefu kuliko nilivyopanga. Nikamwambia Wekoye, maana alikuwa amepewa jina na lazima umwite mtu kwa jina, nikamwambia: wewe ulisema unaenda kuleta kitambaa. Hiki hapa. Nikakata.

Mkungu nikaugawa. Sifuna naye nilimpelekea ndizi, akazisifu, hakuuliza zimetoka wapi. Kitambaa chekundu nikakifua, nikakihifadhi. Shina nikalichambua, maganda nikayakwangua palepale, nikapanda Kitale na gunia la nyuzi zilizolowa, zinanuka kama mto.

Kufuma kulichukua Novemba nzima. Luzi alikaa upande huu, mimi upande ule. Nyuzi zile zilikuwa na rangi ya asali, na hapa na pale mstari wa zambarau uliotoka kwenye ganda la nje. Luzi alitaka tuzitie rangi ya kijani zifanane na satini. Nikakataa. Sikutaka mtu afikiri kwamba kitambaa kilipatikana. Tulipoushona, ule mkono ulisimama, ukakaa hivyo, mwepesi, ukitikisika kidogo nikipumua. Luzi alizunguka, akaniangalia nyuma na mbele, akaomba nimwachie gomesi aende nayo Manila kwenye maonyesho yao, watu waone. Nilitamani kumpa, kweli. Lakini kama mtu angerudi akauliza nguo yake iko wapi, nimwambie imekwenda Manila? Yeye mwenyewe hakufika Kampala. Nikamwacha apige picha, nikamtengenezea mkoba kwa nyuzi zilizobaki.

Desemba wazee walikuja. Sifuna mbele, blanketi mpya begani, nyuma yake wanaume wanne na jembe, na Nasike aliyeomba ruhusa kazini. Wakazunguka jikoni. Wakarudi.

"Mulamwa," Sifuna akasema. "Wekoye yuko wapi?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nikingoja mtu mwingine aniulize swali hilo, badala ya mimi kuuliza. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimevaa gomesi. Nikageuza bega la kushoto.

"Amenishika hapa," nikamwambia. "Mkitaka kumzika, chimbeni shimo pana, maana tunaingia wawili. Na mimi sijafungiwa blanketi."

Mmoja wa wazee alikohoa ili asicheke. Sifuna akaanza kunieleza habari ya heshima, na kwamba alisema mtu asimguse. Nikamjibu alifunga mgomba wenye ua, kwa hiyo aulize wazee wake kama mgomba wenye ua unafika Desemba. Akawageukia. Wote wakatazama jembe. Mingine mirefu ilikuwa imeshazaa ikakatwa, kichakani palikuwa pamebaki vichipukizi, na kirefu kuliko vyote kilinifika magoti.

Nilifikiri atagomba. Alikuja karibu, akanyoosha mkono, akagusa lile bega la nyuzi kwa kidole kimoja, kisha akagusa lile la satini. Akabaki ameshika yote mawili, kama mtu anayeamua baina ya watoto.

"Suti yangu ya kwenda kazini Nairobi alinishonea yeye," akasema. "Nilisafiri na suruali tu. Koti alinitumia mwaka uliofuata."

"Basi wewe uliletewa," nikasema.

Alikunja blanketi vizuri, akanipa, akasema Sirisia Desemba kuna baridi. Akawaambia wazee kwamba hakuna shina la kimo cha mtu, wataangalia tena vichipukizi vikikua. Nasike alilia, sikujua ni kwa hasira au ni kwa kitu kingine. Alikuja akanifunga mshipi wa gomesi, ambao nilikuwa nimeufunga vibaya, akaukaza sana, kama nilivyokuwa nikimfunga yeye sare ya shule.

Luzi amesharudi kwao. Vichipukizi vinakua, kimoja sasa kinanifika kiunoni. Nakipalilia na kukiwekea majivu kama vile vingine, maana hakina kosa. Kikitoa ua nitajua la kufanya, na Sifuna naye atajua, siku hizi anapita asubuhi kukitazama na haji na kitambaa.

Jumapili navaa gomesi naenda kanisani. Nikirudi sivui mara moja. Naweka kiti nje, nakaa bega la kushoto likiwa upande wa barabara. Akitokea kule chini aone kwamba nilihangaika nikaumaliza mkono huu mwenyewe. Na kama amekuja na kile kitambaa cha kijani, aje nacho tu. Tutautoa huu, tuuweke wake, na nitamwambia asiniangalie anapokata.

Ataniangalia.