Chambo Nilichomkatalia Mume Wangu

Dukani kwetu Al Baraha kuna sheria moja ambayo hata mwenye duka haivunji: chambo bandia hakipandi rafuni mpaka mimi nimekiona majini na nimekisemea. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe. Talal, arbab wetu, yaani huyo mwenye duka, aliicheka mwanzoni. Aliacha kucheka wateja walipoanza kuingia wakiuliza Joha amesemaje kabla hawajauliza bei. Kazi yenyewe ni hii: mwenzangu Shakir, wa Mombasa, ananipiga video, mimi narusha, navuta, naongea, na nilichosema kinapandishwa kwenye ukurasa wa duka vilevile nilivyokisema. Kuna wakala mmoja niliyewahi kumwambia mbele ya kamera kwamba chambo chake kinaogelea kama kijiko. Mpaka leo akija dukani hunisalimia kwa mbali.

Najisifu? Najisifu. Jicho ninalo, na sioni sababu ya kusingizia kwamba sina ili nionekane mpole.

Mume wangu Adib ni fundi wa makabati ya jikoni. Sote ni wa Ujiji, tumelijua ziwa kabla ya kuijua shule. Hapa Dubai Adib ametengeneza majiko ya majumba ambayo akishakabidhi ufunguo haingii tena, na hakuna hata kabati moja lenye jina lake. Jina ni la kampuni. Hilo halilalamikii, lakini mimi ni mkewe, nimeona anavyopapasa mlango wa kabati kabla ya kuuacha.

Mwaka jana akaanza kurudi nyumbani na vipande vya mbao nyepesi vilivyobaki kazini. Siku za mapumziko alikaa kwenye kibaraza chetu kule Al Nahda akichonga chambo chembamba, kirefu kupita kidogo kidole cha kati, mgongo wa kijani, ubavu wa fedha, na ulimi wa plastiki mbele ili kipige mbizi. Mtu wa Ujiji angekiona tu angesema dagaa huyu.

Chambo cha namna hii hakivutwi mfululizo. Unashtua fimbo, kinaruka kando kama samaki aliyeumia, halafu unaacha. Kazi yake yote iko hapo unapoacha. Kinatakiwa kining'inie palepale majini, kisizame wala kisipande. Samaki mkubwa huwa amekifuata nyuma akikitilia shaka, na kikitulia mbele ya pua yake ndipo anapofungua kinywa.

Adib alikipima kwenye hodhi la kuogea. Nyumba tunaishi na familia nyingine mbili, na kila mara alipojifungia bafuni mtu aligonga mlango akitaka kuoga aende kazini. Yeye anajibu bado kidogo. Mimi nilimkataza asinionyeshe wala asinieleze chochote. Nilitaka nikutane na chambo chake kama ninavyokutana na vya wengine, asije mtu akasema nilimpenyezea mume wangu majibu.

Talal alipokiona alikigeuza-geuza kiganjani, akasema kikipita kwa Joha atakiweka rafuni, na tumboni kitaandikwa jina la fundi. Adib akampigia simu mama yake Ujiji siku hiyohiyo. Mama mkwe wangu habari haimkai kifuani. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unaisubiri video, na binti yetu Najla, anayelelewa na bibi yake, alikuwa ameshawaambia darasani kwao.

Tulikwenda asubuhi kwenye bwawa la shamba la rafiki yake Talal, nje ya mji, lenye maji ya chumvi. Wanafuga sibasi, samaki anayefanana na sangala wetu utadhani baba yao mmoja. Adib alivaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono. Nilimwona akisimama kando ya Talal, mikono nyuma, nikasema moyoni, Mola wangu, nipe kitu cha kusifia.

Nikarusha. Kikaenda mbali, kimenyooka. Nikashtua, kikaruka kushoto, nikashtua, kikaruka kulia, ubavu ukimeta. Nilifurahi mpaka nikacheka. Nikaacha.

Kikapanda juu.

Kilipanda polepole, mgongo ukatokeza kwenye uso wa maji. Nikajaribu tena nikiutuliza mkono zaidi. Kikapanda. Sasa niseme jambo ambalo kila anayeuza vifaa hivi analijua: ukiishusha ncha ya fimbo na kuuacha mshipi umekaza kidogo, chambo kinachoelea kitaonekana kimetulia. Mtazamaji hawezi kujua. Mkono wangu uliijua njia hiyo, na ulinivuta kuielekea. Nikamtazama Adib na shati lake. Nikaunyanyua mkono, nikaulegeza mshipi, kikapanda mbele ya kamera.

“Kinatembea vizuri kuliko vingi tulivyo navyo dukani,” niliiambia kamera. “Kinakwenda mbali, na rangi yake sijaona mfano. Lakini ukikiacha kinaelea, na chambo hiki kikielea hakijafanya kazi yake. Sikiuzi.”

Kisha Talal akasema khalas, tufute, turekodi upya, hii ni familia. Alisema kwa wema, na ndio maana niliona uchungu zaidi. Shakir alikuwa bado ameshika simu, hajui aielekeze wapi. Adib alikuja mpaka ukingoni, akakitoa chambo majini, akakifuta kwa kitambaa.

“Usikate,” alimwambia Shakir. “Ipandishe kama ilivyo.”

Shakir alichovya kidole majini, akakiweka ulimini, akamgeukia Adib. “Kwani ulikipima na maji gani, bro?”

Adib akamjibu ya bomba. Shakir akacheka mpaka akachuchumaa. Alisema nyinyi watu wa ziwa mmezoea kuvua kwenye maji ya kunywa, maji ya chumvi yana nguvu, yanabeba, chambo kilichotulia bafuni huku lazima kipande. Mimi na Adib tukatazamana. Sote wawili tumeishi mji wa bahari miaka yote hii, na akili zetu zilikuwa bado ziko Ujiji.

Tukapanda gari kurudi, Shakir akiwa ameshaipandisha video. Nilikuwa nimesema kweli na kweli ile ilikuwa inanichoma kama mwiba. Kabla hatujafika Al Nahda simu ya mama mkwe ikaingia, kwangu, si kwa mwanawe. Akaniuliza nimekosewa nini mpaka nimuaibishe mume wangu mbele ya dunia, na kama kweli nililelewa au niliokotwa. Nilikuwa natafuta jibu la heshima Adib aliponyoosha mkono akaichukua simu.

“Mama, shikamoo,” alisema. “Joha hajawahi kumdanganya mtu juu ya chambo. Angeanza na changu, nani angekiamini? Mwache. Hiyo kazi naweza kuirekebisha.”

Akanirudishia simu, akaendelea kutazama barabara. Nililia kidogo, upande wa dirishani, na sikuwa na huzuni.

Nilipotua mizigo ndipo nikaona madumu kwenye buti. Alikuwa amechota maji ya bwawa. Hodhi letu likajaa maji ya chumvi, na wenzetu wa nyumba wakaja kuniuliza kama mume wangu anataka kufuga papa. Akatoboa tumbo la chambo, akatia risasi ya kuongeza uzito, punje kwa punje, akaziba, akapaka rangi, akakirudisha majini, akakitoa, akatoboa tena. Mimi nilibaki nje ya mlango kama mara ya kwanza, sikuuliza. Siku moja tu nilimsikia akicheka peke yake mle ndani.

Tuliporudi bwawani alivaa fulana ya kazini. Nikarusha, nikashtua kushoto, nikashtua kulia, nikaacha.

Kikakaa. Kilining'inia ndani ya maji yale ya kijani, kimelala ubavu kidogo, hakipandi, hakishuki. Nilisahau kuongea. Shakir alinipungia mkono niseme kitu, na mimi nimeduwaa nakitazama. Ghafla kivuli kikaja kutoka chini, mshipi ukawa mzito, fimbo ikapinda. Nilimpandisha sibasi mnene wa kupendeza, lakini ukiitazama video ile utaona simtazami samaki. Namtazama Adib, na Adib amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Talal alitaka kuifuta video ya kwanza, maana sasa haina kazi. Nikakubaliana naye, kwa ajili ya Adib, na hiyo ni mara pekee nimekubali kitu kifutwe. Aliyekataa ni Adib mwenyewe. Alisema ziwekwe zote, ile ya kukataliwa itangulie. Mama mkwe wangu amezitazama zote. Siku hizi anawaambia majirani kwamba yeye ndiye aliyenichagua, na mimi namwacha aseme.

Juzi aliingia bwana mmoja kutoka Sharjah, akapita rafu zote bila kusimama mpaka akaifikia ile yenye chambo cha Adib. Akamuuliza Shakir kama hiki ndicho chambo ambacho mwanamke alimkatalia mumewe. Shakir akanyoosha kidole kwangu. Bwana yule akanitazama juu mpaka chini, akauliza na sasa nasemaje.

Nikakitoa rafuni, nikakigeuza tumbo juu, palipoandikwa Adib wa Ujiji, nikampa akisome mwenyewe.

“Nakiuza,” nikamwambia.