Kengele Ndogo Kwanza

"Jumapili nikishika kamba ya kengele, mtagombania pa kukaa," alisema Gosse Hoitinga, akasukuma kikombe chake cha kahawa mbele kama mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Usharika mzima wa kijiji cha Aldwier ulikuwa umezunguka meza moja nyuma ya kanisa, na meza yenyewe ilibaki na nafasi. Mada ya kikao waliletewa na uongozi wa jimbo: sisi ni nani, na tunakwenda wapi. Swali la pili lilikuwa na jibu jepesi. Walikuwa wanakwenda makaburini, mmoja mmoja, hapo nje tu ya dirisha. La kwanza ndilo lililowashinda.

"Sisi ni watu wa kunywa kahawa," alisema Bibi Baukje, mpiga kinanda. Alimpa kila mtu biskuti moja na kulifunga kopo hapohapo, maana Aldwier huombi biskuti ya pili hata kama umefiwa.

"Bibi Baukje, hili si jambo la mzaha," alisema Gosse.

"Nani kafanya mzaha? Toa kahawa uone nani atabaki."

"Mahubiri yatabaki."

"Mahubiri tunayasinzilia, mwanangu. Kahawa ndiyo inayotuamsha tukaenda nyumbani."

Walicheka kidogo, kisha kicheko kikazima. Kila mmoja alijua kwamba Jumapili hiyo wageni wawili kutoka jimboni wangekuja kukaa ibadani na kuamua: Aldwier ibaki usharika, au imezwe na kanisa la mjini na jengo liuzwe. Mnunuzi alikwisha kupatikana. Alitaka hoteli, vitanda mpaka chini ya mimbari.

Gosse alikuwa hapati usingizi. Siku za kazi alikuwa fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, mtu anayeitwa zikiharibika na kusahauliwa zikipona. Mke hana, mtoto hana. Jumapili tu ndipo kijiji kizima kilipoamshwa na mkono wake, kama kilivyoamshwa na mkono wa baba yake na babu yake. Walau ndivyo alivyoamini. Kijiji chenyewe kilikuwa kinavuta blanketi kichwani.

Wiki nzima alipita nyumba kwa nyumba akiomba. "Nitajaribu, Gosse," walimwambia wote, na Aldwier "nitajaribu" ni hapana iliyovua kofia.

Jumapili ikafika na upepo wake. Gosse alipanda kwenye roshani ya kinanda, ambako kamba mbili za kengele huning'inia pembeni, akavuta ile ya kengele kubwa mpaka mabega yakamuwaka moto. Wakaja walewale wa meza ya kahawa. Wageni nao wakaja: Mchungaji Roelinde, mama mwenye uso wa huruma, na mzee mmoja kimya ambaye hakufungua hata kifungo kimoja cha koti lake. Wakakaa mbele, na nyuma yao viti vitupu vikajipanga safu kwa safu.

Bibi Baukje alikuwa ameanza kupiga kinanda polepole, kampa Gosse mgongo, macho kwenye kioo kidogo kilichofungwa juu ya kinanda chake kama cha dereva, ili aone mchungaji wao atakapopanda mimbari. Gosse alichungulia dirishani. Jirani mmoja alikuwa anajaza upepo baiskeli. Mwingine anamchana mbwa. Kanisa lao linakufa, nao wanachana mbwa.

Ndipo jicho lake likaangukia kamba ndogo.

Aldwier mtu akifa, kengele ndizo zinazotangaza. Akifa mwanamume, kubwa hutangulia na ndogo hufuata. Akifa mwanamke, ndogo kwanza. Anayesikia huacha kila kitu na kuja kanisani kusikia jina na kupewa sehemu yake: wewe utabeba jeneza, wewe utakamua ng'ombe wa wafiwa, wewe utapika kahawa. Huja hata wale walioachana na Mungu tangu meno ya utotoni, kwa sababu Mungu unaweza kumkwepa lakini jirani mnatumia mfereji mmoja.

Wakishakaa, Gosse alijiambia, wataona wenyewe kwamba ni pazuri. Nitaeleza baadaye.

Akavuta ndogo. Halafu kubwa.

Wakaja. Wakaja na aproni, na mabuti yenye samadi, na vijana na jezi zao za mpira. Viti vikajaa, wengine wakasimama ukutani. Mchungaji Roelinde aligeuka kutazama, uso ukamfunguka kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake ameomba chakula. Gosse aliteremka ngazi.

"Nani, Gosse?" walinong'ona.

"Kaeni kwanza."

"Tumekaa. Nani?"

"Ni Hiltje?" aliuliza mtu.

Hiltje, mke wa Doekle, alikuwa amelazwa hospitali ya mjini tangu Pasaka. Hakuna aliyekana. Jina likapita kiti hadi kiti, na lilipofika mlangoni, Doekle mwenyewe alikuwa amesimama pale, mguu mmoja una kiatu cha mti na mwingine una soksi.

"Mbona mmeambiwa ninyi kabla yangu?" aliuliza, kwa upole, kama anauliza saa ya basi.

Simu ilikuwa mkononi mwake, inaita. Kanisa zima liliisikia ikiita. Iliita mpaka mwanamke mmoja akaanza kulia, na ndipo ikapokewa.

"Doekle, nina uji mdomoni," ilisema sauti ya Hiltje. "Kuna nini?"

Doekle alikaa chini, palepale sakafuni.

"Sasa amefariki nani?" aliuliza Mchungaji Roelinde.

Wote wakamgeukia Gosse.

"Ni kamba," alisema. "Zilinaswa. Upepo huu. Nilivuta kubwa, ndogo ikafuata."

"Ndogo ilitangulia," alisema kijana mmoja wa mpira.

"Ilifuata."

"Gosse, nimeacha maziwa jikoni," alisema mwingine. "Usitufanye watoto."

"Mwacheni," alisema Doekle kutoka sakafuni. Midomo ilikuwa bado myeupe. "Sema ni upepo, Gosse. Nitakuamini. Nataka sana kukuamini."

Gosse alitazama viti vilivyojaa. Tangu azaliwe hakuwahi kuliona kanisa hivi ila kwenye maziko.

"Ni upepo," alisema.

Kinanda kikanyamaza. Bibi Baukje aliinama juu ya ukingo wa roshani.

"Kioo changu hakioni mimbari peke yake, mwanangu," alisema. "Ulivua koti, ukalitundika, ukatazama kama nimegeuka. Halafu ukashika ndogo."

Gosse akajitazama. Alikuwa na shati tupu katika baridi ile. Watu wakainua macho, mmoja baada ya mwingine, Doekle wa mwisho. Koti lilikuwa bado kule juu, kwenye msumari, kando ya kamba.